Walimponda kwa Sababu ya Vioo, Leo Dunia Nzima Inapanga Foleni Kupiga Picha Palepale

Ile picha kila mtu anaijua. Staa katua Paris, kavaa koti refu, kapanda juu ya kile kijiwe cha zege, mkono juu, vidole viwili vimebana hewa kana kwamba ameshika ncha ya piramidi ya vioo iliyo nyuma yake. Kepsheni fupi, likes kama mvua. Mastaa wa Bongo wamo, wa Nairobi wamo, wa Lagos ndio usiseme. Mwaka 2018 hata wale wanandoa wakubwa kabisa wa muziki wa Marekani waliingia na kamera zao kwenye jumba hilohilo la Louvre, wakarekodi video huku Mona Lisa akiwatazama kwa nyuma.

Sasa wadau, swali dogo. Kati ya wote hao wanaobana hewa, ni wangapi wanajua kuwa ile piramidi ni paa la mlango? Na ni wangapi wanajua kwamba ilipokuwa bado mchoro kwenye karatasi, mtu aliyeibuni aliandamwa kwa maneno ambayo leo yangemfanya afunge akaunti?

Stori hii ina umbea wa kutosha, lakini ndani yake kuna somo kwa yeyote anayependa kutoa hukumu kwa kuangalia picha moja tu. Somo lenyewe ni hili: jumba la kale la sanaa likiongezewa kitu kipya, cha kuuliza kwanza ni hicho kipya kinabeba mzigo gani. Kupendeza kutafuata. Wazee walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ambaye hamponyi mwenyeji, hata akivaa vizuri vipi, amekuja kula tu.

MWENYEJI ALIKUWA ANAUMWA

Louvre lilianza kama ngome ya vita ya mfalme Philippe Auguste, mwishoni mwa karne ya 12. Wafalme waliofuata wakaligeuza kuwa kasri, kila mmoja akiongeza chumba chake, ukumbi wake, mnara wake. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1793, milango ikafunguliwa kwa umma na likawa jumba la makumbusho.

Maana yake nini? Maana yake hakuna aliyewahi kukaa chini akalibuni jumba hilo ili mamilioni ya watu wapite humo kutazama picha. Lilikuwa nyumba ya wakubwa. Ukifika miaka ya mwanzo ya 1980 hali ilikuwa aibu tupu: upande mmoja mzima ulikuwa ofisi za wizara ya fedha, na ule ua mkubwa wa katikati, ambao leo ndio kila mtu anaupigania kwenye picha, ulikuwa maegesho ya magari ya watumishi wa wizara. Mgeni akifika alikuwa anababaika, mlango mkuu hauujui, choo hakionekani, na pa kuhifadhia kazi za sanaa hapatoshi.

Rais wa wakati huo, François Mitterrand, akaamua mwaka 1981 kwamba wizara itahama na jumba lote litakuwa la sanaa. Mwaka 1983 kazi akapewa I. M. Pei, msanifu majengo aliyezaliwa Guangzhou, China, mwaka 1917, akaenda Marekani kusoma na kubaki hukohuko. (Wale wanaopiga kazi Doha wanaijua kazi yake nyingine: lile jumba la sanaa ya Kiislamu pembeni ya bahari, lililofunguliwa 2008.) Hakukuwa na mashindano wala zabuni. Rais kamtaka, rais kamchukua. Hilo peke yake liliwakera wengi, na kusema kweli walikuwa na haki ya kukereka.

Pei hakurukia dili. Aliomba muda, akawa anakwenda Louvre kimyakimya kama mtalii wa kawaida, anatazama, anatembea, anaondoka. Baadaye akaja na jibu lake: tuchimbe.

Hapo ndipo wengi wanapopitwa. Kazi kubwa ya Pei haionekani kwenye picha kwa sababu iko chini ya ardhi. Chini ya ule ua aliweka ukumbi wa kupokelea wageni, sehemu ya tiketi, vyoo, maduka, mahali pa kula, maghala, na njia za kwenda pande zote tatu za jumba. Ukishuka pale unasimama katikati, unachagua uende upande gani. Mzee aliyekuwa na miguu mirefu bila tumbo akapata tumbo.

Lakini shimo bila mwanga ni shimo. Ndiyo maana ya piramidi. Ni dirisha na paa la huo ukumbi, linalomwaga jua chini na kumwonyesha mgeni mlango uko wapi hata akiwa mbali. Kimo chake ni kama mita 21 na nusu, chini ya mapaa ya kasri linaloizunguka. Umbo linapungua kadiri linavyopanda, kwa hiyo haliwezi kuziba jumba la nyuma. Hata vioo vilitengenezwa maalumu. Kioo cha kawaida kina ukijani kwa mbali, na ukilitazama kasri kupitia kioo cha namna hiyo mawe yake yangeonekana kama yameota ukungu. Pei akang'ang'ania kioo cheupe kabisa, kikatengenezwa.

Yaani mgeni alijitahidi asimzibe mwenyeji. Huo ni ustaarabu.

MSALA WA 1984

Januari 1984 Pei aliwasilisha mpango wake mbele ya kamati ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa. Kikawaka. Pei mwenyewe alisimulia baadaye kwamba maneno yalikuwa makali kiasi kwamba mkalimani wake alipata shida kumtafsiria. Magazeti yakadaka, yakasambaza. Wapo walioona piramidi ni kitu cha makaburi ya Misri, inahusu nini Paris? Wapo waliomgeukia rais, wakasema anajijengea kaburi kama Firauni. Ukistaajabu ya Musa, ndiyo hayo ya Firauni yenyewe.

Na wapo waliokwenda mbali zaidi: Mchina anajua nini kuhusu Ufaransa? Hapo hoja ya jengo ilishakwisha, imebaki sura ya mtu. Ni mchezo uleule wa mitandaoni leo: kazi ikikosa kasoro ya kushika, anashikwa aliyeifanya. Anaulizwa ametoka wapi, kasoma wapi, nani kamleta.

Haki itendeke hata kwa wapinzani. Wengine walikuwa na hoja za kweli. Ule ua ni urithi wa taifa lao. Ukikosea kupaka rangi ukuta utapaka tena, lakini ukichimba ua wa karne kadhaa ukakosea, umekosea moja kwa moja. Mtu anayeogopa hivyo hana ushamba wowote, anajua thamani ya alichonacho.

Swali likawa: unamjibuje mtu wa namna hiyo? Kwa maneno matamu? Kwa kumwambia haelewi sanaa?

NYAYA NNE ZIKAMALIZA UBISHI

Jacques Chirac, aliyekuwa meya wa Paris wakati huo na mpinzani wa kisiasa wa rais, alitaka kitu rahisi: watu waone kwanza. Basi mwaka 1985 likaletwa winchi kwenye ua, zikavutwa nyaya kuchora kingo za piramidi kwa ukubwa wake halisi, palepale itakaposimama. Hakukuwa na kioo wala zege. Nyaya tu na hewa.

Inakadiriwa watu wapatao 60,000 walikwenda kujionea. Waliokuwa wanafikiria jitu la vioo litakalomeza kasri wakakuta kitu cha kiasi, kimekaa katikati kwa adabu. Siyo kwamba wote walikubali, lakini kelele zilipungua. Meya naye akalegea.

Hii ndiyo sehemu ambayo wenye miradi mikubwa wanapaswa kuisoma mara mbili. Watu wanaonyeshwa picha za kompyuta zenye anga la bluu, watoto wanacheka, jua halichomi, foleni hakuna. Kisha wanashangaa watu hawaamini. Nyaya nne juu ya eneo halisi zina ukweli kuliko video ya dakika tatu yenye muziki wa kinanda. Ukitaka watu waamini mgeni wako, mlete nyumbani wamwone kabla hujampa chumba.

Machi 1989 piramidi ikazinduliwa. Mwaka 1993 ule upande uliokuwa wa wizara ya fedha nao ukafunguliwa kwa sanaa. Uvumi haukukosekana: ikazushwa kwamba vioo viko 666, namba ya shetani, na riwaya moja maarufu ya mwaka 2003 ikaupa uvumi huo miguu zaidi. Jumba lenyewe linasema viko 673. Umbea una nguvu, lakini hesabu ni hesabu.

Pei alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 102. Alikuwa ameshaona kwa macho yake watu wakipanga foleni kupiga picha na kitu walichomtukania.

LONDON: SIRI NDANI YA NGUZO

Kuna wanaosema njia salama ni kujenga kipya kinachofanana na cha kale, ili mtu asigombane na mtu. Hao waende London wakaulize.

Jumba la taifa la sanaa pale Trafalgar Square nalo lilitaka nyongeza miaka hiyohiyo ya 80. Ukaletwa mchoro wa kisasa, na mwaka 1984 mwana wa malkia akasimama mbele ya wasanifu na kuufananisha na jipu lililoota kwenye uso wa rafiki mpendwa. Mchoro ukafa. Familia moja ya matajiri wa maduka makubwa ikatoa pesa, wakaitwa wasanifu wengine, Robert Venturi na mkewe Denise Scott Brown, mwanamke aliyezaliwa Zambia mwaka 1931 na kukulia Afrika Kusini. Jengo likafunguliwa 1991. Lilivaa mawe yanayofanana na ya jumba la zamani na kuiga nguzo zake. Wengi wanalipenda, na lina akili na utani wake. (Mwaka huohuo tuzo kubwa ya usanifu duniani alipewa mume peke yake. Hilo ni la siku nyingine, lakini lisisahaulike.)

Sasa sikia utamu. Kwenye ukumbi wa chini kulikuwa na nguzo nene ambazo hazikubeba dari. Zilisimama tu zionekane nguzo. Mmoja wa wale matajiri waliolipia jengo hakuzitaka. Akabishana, akashindwa. Unajua alifanya nini? Mwaka 1990 aliandika barua, ikafichwa ndani ya moja ya nguzo hizo, akisema kuwa aliyeisoma atakuwa amefanya vizuri kuzivunja, kwa sababu nguzo za uongo ni kosa na siku moja watajuta kuziweka.

Barua ikalala humo zaidi ya miaka 30. Mwaka 2023 mafundi wakavunja nguzo kwa ajili ya ukarabati, ikachomoza. Mwandishi wake alikuwa ameshafariki. Mtu kashinda ubishi akiwa kaburini!

Ukarabati wenyewe haukupita bila ugomvi. Scott Brown, akiwa na miaka zaidi ya 90, aliupinga mpango wa kubadilisha kazi yao, na kama msanifu ana haki ya kuilinda. Hata hivyo jengo lilipofunguliwa tena Mei 2025, ukumbi ulikuwa mpana na wenye mwanga zaidi, na sababu iko wazi: siku hizi hapo ndipo mlango mkuu wa jumba zima, mamilioni wanapita. Nguzo isiyobeba dari, kwenye mlango wenye foleni, ni kiki tu inayowapunguzia watu nafasi.

Fikiria familia kwenye harusi. Bibi kavaa kanga, mjukuu kavaa suti au gauni la kisasa. Hakuna anayemlazimisha mjukuu afunge kanga ndipo atambulike ni wa ukoo. Anatambulika kwa namna anavyomshika bibi mkono kwenye ngazi. Jengo jipya ni hivyohivyo. Likiiga nguo za mzee bila kumshika mkono, limevaa sare tu.

SASA DENI LIMERUDI

Mtu anaweza kudhani stori imeisha hapo, piramidi imeshinda, tumalize. Bado.

Ukumbi wa Pei ulipangwa kupokea watu kama milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2018 waliingia zaidi ya milioni 10. Mwaka 2024 walikuwa karibu milioni 9. Mlango uleule, vioo vilevile. Siku za joto kali ukumbi unageuka tanuri, kelele haziishi, na uongozi wa jumba wenyewe umekiri kwamba hali si nzuri kwa wageni wala wafanyakazi. Juni 2025 wafanyakazi waligoma ghafla, watu wakabaki nje kwenye foleni wakiwa na tiketi mikononi. Mwenyeji ameanza kuumwa tena.

Kwa hiyo Januari 2025 rais wa sasa wa Ufaransa alitangaza mpango mpya: mlango mkubwa mwingine upande wa mashariki ufikapo 2031, na Mona Lisa kupewa chumba chake chenye tiketi yake. Yatatumika mamia ya mamilioni ya euro. Mashindano ya kimataifa ya wasanifu yakafunguliwa, na safari hii angalau yapo.

Kisha ikaja Oktoba 2025. Wezi wakaegesha gari lenye ngazi ya kupandishia fanicha, wakaingia dirishani mchana kweupe na kuondoka na vito vya kifalme. Dunia ikacheka, mimu zikajaa. Wiki chache baadaye wakaguzi wa hesabu za umma wa Ufaransa wakasema jambo ambalo halikuchekesha: kwa miaka mingi jumba lilipendelea mambo yanayoonekana na kuvutia, huku matengenezo na ulinzi vikisubiri. Mwezi Novemba bomba likavuja na kulowesha mamia ya machapisho kwenye maktaba ya idara ya Misri.

Unaona inapoelekea? Hatari kubwa ya mpango mpya haipo kwenye umbo lake. Hatari ni kwamba mlango mpya utapendeza, utapigwa picha, utapata likes, huku nyuma yake mabomba yanavuja na kamera hazitazami dirisha. Pei alianza na shimo, vyoo na maghala, akamalizia na vioo. Ukianza na vioo umepindua kitabu.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu, hayakuhusu. Kuanzia Januari 2026, mtu anayetoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya analipa euro 32 kuingia Louvre, wakati mtu wa ndani ya eneo hilo analipa 22. Imesemwa wazi kwamba pesa hiyo ya ziada inasaidia ukarabati. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya au Mkongo atakayekwenda kubana hewa pale atakuwa ameuchangia mlango huo kuliko jirani wa Mfaransa. Anayechangia harusi ana haki ya kuuliza chakula kitatosha?

KWA HIYO?

Yupo atakayesema uzuri nao ni kazi, mbona mnaudharau. Ni kweli. Bila uzuri wa ile piramidi pengine ua ule ungebaki ua tu, na nusu ya wageni wasingekuja. Lakini uzuri wake umetokana na kazi yake. Ni angavu kwa sababu chini palihitaji mwanga. Ni nyembamba juu kwa sababu kasri lilitakiwa kuonekana. Ondoa hizo sababu, itabaki pambo la duka, na pambo likizeeka hutupwa.

Basi siku picha za mlango mpya wa Louvre zitakapoanza kusambaa, kabla ya kuandika "mbaya" au "moto", mtu ajiulize maneno matatu. Unabeba nini? Unamficha nani? Na mabomba je?

Kisha ndiyo aangalie kama unapendeza.

Haya mdau, na wewe sema. Ungekuwa mbele ya ile kamati mwaka 1984, kwa roho safi kabisa, ungempigia Pei makofi au ungekuwa wa kwanza kumrushia maneno? Usidanganye, comments ziko wazi hapo chini.